Alichokiomba Barak mwaka 1881

Mtu akisimama kwenye ngazi za mnara wa kumbukumbu ya vita, kusini mwa katikati ya jiji la Melbourne, kisha akatupa macho kaskazini kwa kufuata mstari ulionyooka wa barabara ya Swanston, ataona sura ya mzee mwenye ndevu ikimtazama kutoka upande wa pili wa jiji. Sura hiyo si picha iliyobandikwa. Ni jengo la fleti lenye ghorofa zaidi ya 30, lililokamilika mwaka 2015, ambalo vibaraza vyake vimezungushiwa mabamba meupe yaliyopindwa kwa namna ambayo weupe na kivuli vikikutana machoni huumba paji la uso, pua na macho. Ukilisogelea, sura huanza kuvunjika. Ukifika chini yake huoni uso wala ndevu. Unaona vibaraza tu, baiskeli zilizoegeshwa na nguo zilizoanikwa.

Nilipita chini ya jengo hilo karibu kila siku kwa miaka miwili, nikienda kazini na kurudi, bila kujua kwamba pale juu palikuwa na mtu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Kazi yangu ni kukaa kati ya daktari, hakimu au ofisa wa ustawi wa jamii na mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye mara nyingi ni mkimbizi aliyetokea Kongo au Burundi akapitia kambi za Tanzania au Kenya, na kuhakikisha kwamba kila upande umesikia kile ambacho upande wa pili umesema. Aliyenionyesha ile sura ni mama mmoja wa Kiaborijini, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa Australia, ambaye ofisi zetu zilikuwa katika jengo moja. Badala ya kunisogeza karibu, alinipeleka mbali, akaniambia nigeuke nitazame. Kisha akanitajia jina: William Barak.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Barak, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali linaloisumbua Australia hadi leo, yaani namna serikali inavyoweza kuwasaidia Waaborijini wajiamulie mambo yao na waishi kwa uzima, lilikwisha kujibiwa mwaka 1881. Lilijibiwa na mtu huyu, mbele ya kamati rasmi ya uchunguzi, na jibu lake likaandikwa neno kwa neno na kuhifadhiwa. Kilichokosekana ni kutekelezwa.

Barak alizaliwa yapata mwaka 1824 miongoni mwa Wawurundjeri, wenyeji wa bonde la mto ambao wao waliuita Birrarung na walowezi wakauita Yarra. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwapo akiwa mtoto mwaka 1835 wakati mlowezi John Batman alipokutana na wazee wa huko na kuwatia katika kile alichokiita mkataba wa kununua ardhi. Gavana Bourke aliufuta mkataba huo mwaka huohuo, na si kwa sababu ulikuwa wa kuwadhulumu wenyeji. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi yote ilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na kitu cha kumuuzia mtu yeyote. Msomaji wa Kenya ataitambua hoja hii bila kufafanuliwa, maana ndiyo iliyokuja kuandikwa katika sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1915 na kuwageuza wenye mashamba kuwa wapangaji katika mashamba ya babu zao. Ufalme ulikuwa uleule.

Katika muda usiozidi miaka 30 watu wa bonde lile walikuwa wamepukutika kwa maradhi, njaa na risasi. Waliosalia, wakiongozwa na Simon Wonga na binamu yake Barak, walivuka milima mwanzoni mwa mwaka 1863 na kushuka mahali ambapo kijito cha Badger kinaingia katika mto Yarra, karibu na ulipo mji wa Healesville leo. Walipaita Coranderrk, jina la kichaka chenye maua meupe kinachoota kando ya maji. Mwezi Mei mwaka huo walituma ujumbe kwa Gavana Barkly, wakiwa na zawadi zao, na haukupita muda mrefu ekari 2,300 zikatengwa kwa ajili yao.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu Coranderrk ndiyo sehemu ya historia hii ambayo watu wengi wanairuka. Tumezoea kusimuliwa kwamba walowezi walifika, wenyeji wakaporwa, wakateseka, na baadaye serikali ikaanza kuwasaidia. Coranderrk haikuanza hivyo. Watu wale walijenga nyumba, wakafyeka msitu, wakalima ngano na mboga, wakafuga ng'ombe, wakapeleka watoto shule na kuuza vikapu na mazulia. Msimamizi wao wa kwanza, mhubiri kutoka Uskochi aliyeitwa John Green, aliamini kwamba watu hao walitakiwa kujiongoza, na makosa ya ndani ya makazi yalipelekwa kwenye baraza la wakazi wenyewe, ambao walikaa, wakasikiliza na kuamua. Katika miaka ya 1870 walianza kulima hopsi, mmea ambao maua yake hutiwa katika bia, na hopsi yao ikawa miongoni mwa iliyosifiwa zaidi sokoni Melbourne.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Shamba lilipoanza kuleta faida, fedha ilikwenda kwa Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini iliyokuwa mjini, nayo ndiyo iliyopanga itumike vipi. Na ardhi ilipopanda thamani, majirani wazungu waliitamani, na Bodi ikaanza kuzungumzia kuwahamishia wakazi mbali, huko mto Murray. Green alishinikizwa kuondoka mwaka 1874 kwa sababu alisimama upande wao. Ndipo Barak na wenzake walipoanza kutembea. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Coranderrk hadi Melbourne, nao walikwenda kwa miguu, zaidi ya mara moja, wakiwa na barua walizoziandika wenyewe, kuonana na mawaziri na kuzungumza na waandishi wa magazeti. Kelele zao ndizo zilizosababisha kamati ya uchunguzi ya mwaka 1881.

Barak alipoulizwa na kamati hiyo, alijibu kwamba serikali iwaache pale, iwape ardhi ile, iwaachie kazi ya kuiendesha, na fedha yote itakayopatikana iwe yao. Tafadhali msomaji, yahesabu mambo hayo. Hakuomba kuhurumiwa, wala kupelekewa wataalamu, wala kuulizwa maoni yake mara moja kwa mwaka. Aliomba ardhi, uendeshaji na fedha, vyote pamoja, kwa sababu alikwisha kuona kwa macho yake kwamba kimoja kikibaki mjini, vile viwili vingine havina nguvu.

Wakazi walipata ushindi wa muda: mwaka 1884 ardhi ilitangazwa kuwa hifadhi ya kudumu. Miaka miwili baadaye Bunge la Victoria, koloni ambalo leo ni jimbo lenye mji mkuu wa Melbourne, likapitisha sheria iliyowaondoa kwenye makazi watu wenye nasaba iliyochanganyika, yaani wengi wa wale waliokuwa na nguvu za kulima. Walibaki wazee na wagonjwa. Shamba lilipodorora, kudorora kwenyewe kukawa ndiyo sababu ya kusema kwamba Waaborijini hawawezi kuendesha shamba, na mwaka 1893 karibu nusu ya ardhi ikachukuliwa. Barak alifariki mwaka 1903. Makazi yalifungwa mwaka 1924, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ardhi ikagawiwa askari waliorudi vitani. Leo bonde lile ni mashamba ya mizabibu na hoteli za wikiendi, na sehemu nyingine ya ardhi ile ni bustani ya wanyama inayopendwa sana na watalii.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu naujua ugumu wa kulitafsiri jambo hili kwa mtu ambaye hajalisikia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukalimani katika mkutano uliofanyika kwenye ukumbi wa manispaa moja ya magharibi mwa Melbourne. Ofisi moja ya serikali ilikuwa ikieleza mpango wake wa huduma za familia, na waliokuwa wamealikwa ni wazee wa Kiaborijini wa eneo hilo pamoja na wawakilishi wa jamii za wahamiaji, wakiwamo akina mama wa Kikongo waliokuwa upande wangu. Ofisa alitaja mara nyingi kwamba ofisi yake inaunga mkono haki ya Waaborijini ya kujiamulia mambo yao. Mara ya kwanza nilitafsiri kwa neno "kujitawala", na mama mmoja wa Uvira akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama watu hawa wanataka kuunda nchi yao. Nikalibadilisha neno. Nilisema "kujiamulia", na nimebaki na neno hilo hadi leo.

Kisha ofisa akasema kwamba wote waliokuwapo wameitwa ili washirikishwe. Hilo halikunipa shida hata kidogo kulitafsiri, maana Kiswahili cha ofisini kinalipenda mno neno hilo. Wananchi washirikishwe, wadau washirikishwe, jamii ishirikishwe. Lakini nilipolitamka usiku ule nilisikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia ndani yake. Kushirikishwa ni kauli ya kutendeshwa: yuko anayeshirikisha, naye ndiye mwenye jambo, na anayeshirikishwa amealikwa tu kwenye jambo la mwenzake. Kujiamulia hakumhitaji mtu wa pili wa kukualika. Anayeamua na anayeamuliwa ni mtu mmoja.

Mbele kabisa alikaa mama mzee ambaye kila mtu alimwita Shangazi, maana Waaborijini huwaita wazee wao Mjomba na Shangazi hata kama hawana nasaba nao, kama sisi tunavyosema Mzee na Mama. Mezani palikuwa na kitabu cha mpango wenyewe, kilichokwisha kupigwa chapa, chenye jalada la rangi na michoro ya Kiaborijini. Shangazi alikifungua, akakifunga, akauliza maswali matatu. Fedha itakaa kwa nani? Mafaili ya watoto yatakaa kwa nani? Na tukitofautiana nanyi, neno la mwisho ni la nani? Ofisa alijibu kwa adabu kwamba wanayathamini sana maoni hayo na watayachukua. Nilitafsiri jibu lile kama lilivyosemwa, na mama wa Uvira akatikisa kichwa taratibu. Hakuhitaji ufafanuzi wangu.

Tangu hapo maswali yale matatu ndiyo kipimo changu kwa kila juhudi ya serikali ninayosoma habari zake, na ni maswali ya Barak, isipokuwa kwamba mafaili ya watoto yameongezeka. Yameongezeka kwa sababu kati ya Barak na Shangazi ilipita karne ambayo serikali za Australia ziliwatoa watoto wa Kiaborijini kwa wazazi wao na kuwalea katika mabweni na familia za wazungu. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 1997 ilieleza mateso hayo kwa kirefu, na Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Mwaka huohuo serikali zote zikaanzisha mpango wa kuziba pengo la afya, elimu na ajira kati ya wenyeji asilia na Waaustralia wengine. Ulikuwa mpango wenye nia njema na bajeti kubwa, na malengo yake mengi hayakufikiwa. Wenyeji asilia ni takriban asilimia 3.8 ya watu wa Australia, lakini zaidi ya mfungwa mmoja kati ya kila watatu ni wao.

Sitasimulia hapa kila mpango uliokuja na kuondoka. Itoshe kusema kwamba chombo cha kitaifa kilichochaguliwa na wenyeji asilia wenyewe, ATSIC, kilidumu kuanzia mwaka 1990 hadi 2005 kisha kikafutwa na Bunge, na kwamba miaka miwili baadaye serikali ya shirikisho iliingia katika jamii za Kiaborijini za Northern Territory ikiwa na wanajeshi, ikasimamisha matumizi ya sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi ili iweze kudhibiti hata posho za watu. Hilo nalo liliitwa msaada.

Napenda zaidi kuzungumzia yale yaliyofanikiwa, kwa sababu yanafundisha zaidi na kwa sababu wenye nayo wanastahili kutajwa. Mwaka 1971, katika mtaa wa Redfern mjini Sydney, Waaborijini walianzisha zahanati yao wenyewe, madaktari wakiwa wa kujitolea, kwa kuwa wagonjwa wao walikuwa wakidharauliwa hospitalini kiasi cha kuona afadhali wafie nyumbani. Miaka miwili baadaye wenzao wa Melbourne walifungua ya kwao Fitzroy. Fedha za serikali zilikuja baadaye, lakini bodi ilibaki mikononi mwa jamii. Leo zipo taasisi za namna hiyo zaidi ya 140 nchini kote. Brisbane, ambako mashirika mawili ya afya ya Kiaborijini yaliungana na hospitali moja kuwahudumia wajawazito kwa utaratibu wa mkunga mmoja kumfuata mama tangu mwanzo hadi baada ya kujifungua, watafiti waliona kwamba uwezekano wa mtoto kuzaliwa njiti ulikuwa pungufu kwa asilimia 38 ukilinganishwa na huduma ya kawaida.

Mwaka 1989 wenyeji asilia waliandika maana yao ya afya: kwamba si mwili wa mtu mmoja tu kuwa salama, bali ni hali njema ya jamii nzima, kihisia, kijamii na kiutamaduni. Wataalamu wengi hapa huieleza maana hiyo kama jambo geni linalohitaji semina. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji. Sisi tukikutana asubuhi tunaulizana "u mzima?", na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa chungu ambacho hakijapasuka na kwa kijiji kizima kilichojitokeza msibani. Nilipomweleza hivyo yule mama wa ofisi ya jirani, aliniomba nimwandikie neno "uzima" kwenye karatasi, akalibandika ukutani juu ya meza yake.

Mfano mwingine uko Bourke, mji mdogo kando ya mto Darling, New South Wales. Wazee wa huko walichoka kuona vijana wao wakipelekwa gerezani mmoja baada ya mwingine, wakaanzisha kazi waliyoiita Maranguka, neno la Kingemba lenye maana ya kuwajali wengine. Walianza na mambo madogo yenye ncha. Wengi wa vijana walikuwa wakishtakiwa kwa kuendesha gari bila leseni, na leseni walikuwa hawapati kwa sababu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala gari la kujifunzia. Wakavitafuta vyeti, wakatafuta gari, wakafundisha. Wakaweka utaratibu wa polisi kukutana na watu wa jamii kila siku ili kuambizana yaliyotokea usiku uliopita, na mtu wa jamii anakwenda kubisha hodi kwenye nyumba yenye tatizo kabla halijawa kesi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2018 na kampuni ya KPMG ilionyesha kwamba katika mwaka 2017 taarifa za ukatili wa majumbani zilishuka kwa asilimia 23, siku ambazo watu wazima walikaa mahabusu zilishuka kwa asilimia 42, na manufaa ya mabadiliko hayo yalikadiriwa kuwa takriban dola milioni 3.1 za Australia. Wazee wale ndio walioamua waanze na nini. Serikali ilichangia takwimu zake na polisi wake.

Si kila hatua nzuri imefika mwisho. Tangu mwaka 2002, kuanzia mji wa Shepparton, Victoria ina mahakama za Koori, jina wanalojiita Waaborijini wa huko, ambamo mshtakiwa wa Kiaborijini aliyekiri kosa huketi kwenye meza ya duara dufu pamoja na hakimu, mwendesha mashtaka, familia yake na wazee wa jamii yake. Wazee humsema. Humwambia anamfahamu nani, ametoka ukoo gani, na amemtia aibu nani. Msomaji wa Tanzania atawakumbuka wazee wa baraza. Nawaheshimu sana wazee wa Shepparton, na vijana wengi wamesema kwamba kumtazama mzee wako machoni ni kugumu kuliko kumsikiliza hakimu. Lakini adhabu bado inatolewa na hakimu peke yake, na sheria inayotumika si yao. Kwa swali la tatu la Shangazi, jibu bado ni lilelile la zamani.

Swali la pili, lile la mafaili, limepata jibu bora zaidi. Sheria ya watoto ya Victoria ya mwaka 2005 iliruhusu, katika kifungu chake cha 18, mamlaka yote ya ofisa wa serikali juu ya mtoto wa Kiaborijini aliye chini ya amri ya ulinzi yakabidhiwe shirika la Kiaborijini. Ofisa hashauriani na shirika, anakabidhi. Mkuu wa shirika ndiye anayeamua mtoto akae na nani, asome wapi na arudi lini kwa mama yake. Shirika la kwanza kupewa mamlaka hayo, lile la malezi ya watoto wa Kiaborijini liitwalo VACCA, lilipewa mwaka 2017. Ilichukua miaka 12 kutoka siku sheria ilipopita hadi faili la kwanza kuhama mkono. Nimewahi kukalimani katika kesi za watoto wa jamii zetu, nikamwona mama akijibu maswali ya ofisa asiyejua hata mtoto anamwita nani bibi, kwa hiyo naelewa uzito wa faili hilo kuwa juu ya meza ya mtu anayeijua familia.

Mwaka 2020 serikali zote za Australia zilitia saini makubaliano mapya ya kuziba pengo, na safari hii zilitia saini pamoja na muungano wa mashirika ya wenyeji asilia ulioongozwa na Pat Turner. Makubaliano hayo yanasema wazi kwamba maamuzi yafanywe kwa pamoja, mashirika ya jamii yajengwe, ofisi za serikali zenyewe zibadilike, na takwimu zifike mikononi mwa jamii. Ni karatasi nzuri kuliko zote zilizotangulia. Lakini tume ya tija ya serikali ya shirikisho ilipoikagua, ilisema mwezi Februari 2024 kwamba kwa sehemu kubwa serikali hazijabadili namna zinavyofanya kazi. Kabla ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2023, wapiga kura wa nchi nzima walikataa kwa takriban asilimia 60 pendekezo la kuwapa wenyeji asilia sauti ya kudumu ndani ya katiba, sauti ambayo ingeshauri tu, bila kuamua. Nilipiga kura ya Ndiyo. Usiku ule sikuweza kumpigia simu yule mama wa ofisi ya jirani. Nilimwandikia pole, akanijibu siku ya pili kwamba kazini tutaonana Jumatatu kama kawaida.

Victoria iliendelea na njia yake. Sheria ya mwaka 2018 ilifungua mlango wa mazungumzo ya mkataba, baraza la wenyeji likachaguliwa mwaka 2019, na tume ya ukweli iitwayo Yoorrook ikasikiliza watu kwa miaka minne na kuhitimisha katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba yaliyotendeka Victoria yalikuwa mauaji ya kimbari. Novemba 2025 mkataba ukatiwa saini, wa kwanza wa aina yake katika historia ya Australia, nchi ambayo, tofauti na New Zealand yenye mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840, haikuwa imewahi kufanya mkataba na wenyeji wake. Mkataba huo unaunda chombo cha kudumu, Gellung Warl, chenye baraza lililochaguliwa, chombo cha kuwakagua watendaji wa serikali, na kazi ya kuendeleza ukweli ulioanzwa na Yoorrook. Tangu gavana afute karatasi ya Batman hadi siku hiyo ni miaka 190.

Nilifurahi, na bado nina furaha. Hata hivyo serikali hiyohiyo, mwaka huohuo, ilikaza tena sheria ya dhamana. Mwezi Januari 2020 mwanamke wa Kiaborijini alifariki katika gereza la wanawake la Melbourne akiwa rumande kwa tuhuma za wizi wa madukani, na mwaka 2023 mchunguzi wa vifo alisema sheria ya dhamana iliyomweka pale inawabagua Waaborijini. Ikalegezwa. Mwezi Machi 2025, baada ya hofu ya uhalifu kupanda, ikakazwa tena huku mashirika ya Kiaborijini yakionya kwamba watakaojaa rumande ni watu wao. Walishirikishwa, bila shaka.

Na kilichotolewa na Bunge kinaweza kunyang'anywa na Bunge. Queensland ilipitisha sheria yake ya kuelekea mkataba mwaka 2023. Serikali mpya iliifuta mwaka 2024, na tume ya ukweli iliyokuwa imeanza kusikiliza wazee ikafungwa kabla haijamaliza. Upinzani wa Victoria nao umeahidi kuufuta mkataba ndani ya siku 100 za mwanzo endapo utashinda. Uchaguzi ni tarehe 28 Novemba 2026, na hapa Australia kupiga kura ni wajibu wa kisheria, kwa hiyo maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili waliopata uraia watakuwa kwenye mistari, wengi wao wakiulizana huo mkataba ni kitu gani. Nimekubaliana na akina mama wa Kikongo, akiwamo yule wa Uvira, kwamba wagombea watakapokuja ukumbini kwetu tutawauliza kuhusu nyumba na bei ya umeme kama kila mtu, kisha tutawauliza fedha itakaa kwa nani, mafaili ya watoto yatakaa kwa nani, na neno la mwisho litakuwa la nani. Mimi nitakalimani majibu yao kama yatakavyosemwa.